Draiva ya Kumfaa Absalom

Hakuna aliyebaki Changamwe mwenye kumbukumbu kali kama ya anayewasimulieni haya. Yalitokea mwaka ule wa mgomo mkubwa, Jumatano ya pili ya mwezi wa tatu, saa kumi kasorobo. Au ulikuwa mwaka uliofuata, na huenda ilikuwa Jumamosi. Jua lilikuwa kali, basi. Hilo halina ubishi, na hilo latutosha kuanzia.

Chini ya jua hilo alisimama Kenga, mzaliwa wa Mjambere, na mfuko mzito wa fimbo begani. Alikuwa kedi katika kiwanja cha gofu cha Wazungu. Kedi, kwa asiyejua, ni mtu anayelipwa senti kubeba fimbo za mwenzake, kutazama mpira unapoangukia, na kusema "Safi sana, bwana" hata ukiangukia baharini. Miaka kumi na miwili Kenga alikuwa amesema "Safi sana, bwana", na ulimi ukawa laini kama samli. Lakini mpira wenyewe hajapata kuupiga hata mmoja. Kedi akikutwa anapunga fimbo ya bwana, siku hiyohiyo alifukuzwa, na kofia yake ikatupwa nyuma yake.

Siku hiyo alimbebea Mzungu mmoja mwenye masharubu mekundu ambaye makedi walimwita Bwana Mapovu, kwa sababu ya kilichomtoka mdomoni mchezo ulipomwendea vibaya. Ulikuwa umemwendea vibaya. Mipira mitatu, mmoja baada ya mwingine, aliipiga kwa draiva ikaishia kwenye mikoko upande wa Kipevu. Draiva ndiyo fimbo ndefu kuliko zote, yenye kichwa cha mti kama ngumi ya mtu mzima, ya kuanzia mchezo. Mpira wa tatu ulipozama, Bwana Mapovu aliizungusha draiva juu ya kichwa mara mbili akaitupa. Ikaruka vizuri kupita mipira yote mitatu.

"Safi sana, bwana," akasema Kenga, kwa mazoea.

"Nyamaza!" akanguruma Bwana Mapovu. "Mtu taja hii fimbo tena, mimi piga yeye!"

Kenga akanyamaza. Lakini jicho la kedi halinyamazi. Liliona fimbo ilipoingia: kushoto kwa mkoko uliopinda, hatua nne kutoka kwenye kichuguu cha kaa. Kesho yake maji yalipokupwa aliivua kanzu, akaingia kwenye tope hadi kiunoni, akatoka nayo.

Sasa mtasema, angeirudisha. Na mbona asirudishe, wakati alikuwa na haja kubwa na Bwana Mapovu? Nyapara wa makedi, Mzee Katana, alikuwa anajiandaa kurudi kwao Kaloleni, na Bwana Mapovu ndiye aliyepewa kazi ya kumchagua nyapara mpya. Nyapara hubeba nini? Habebi kitu. Hukaa kwenye kiti chini ya kivuli, amevaa koti la kaki lenye vifungo vya shaba, akiwaambia wengine wabebe. Kenga alilitamani koti lile kama mwenye mimba anavyotamani udongo. Usiku aliliota, na katika ndoto lilikuwa limemkaa vizuri mabegani. Lakini maneno ya Bwana yalikuwa wazi: anayetaja fimbo atapigwa. Kenga akaona fimbo ile imekufa, imezikwa, na yeye ndiye mrithi. Na kwa kuwa mtu hawezi kuomba unyapara akiwa na viatu vinavyocheka vidole, aliona vilevile kwamba kabla ya koti anahitaji pesa.

Akaichukua hadi kwa Gona, seremala.

Fundi Gona alikuwa na kiwanda cha makuti karibu na steshini, na kipaji kimoja ambacho hakuna aliyekuwa nacho: alinakili. Hakuongeza wala hakupunguza. Ukimpelekea kiti chenye mguu mfupi ukamwambia akutengenezee sita kama kile, ulirudi kuchukua sita, vyote vinayumba upande uleule. Alikuwa akiona ni dharau kwa sampuli kuirekebisha.

"Kichwa utakitengeneza kwa mti gani?" akauliza Kenga.

"Mhuhu. Mti mgumu, tena wanukia. Mpini nitafanya wa mkole."

"Na uzito?"

"Nitatia chubwi za wavuvi kwa nyuma, kama hii ilivyotiwa risasi. Rangi ya viatu itamaliza." Gona akaigeuza draiva, akapapasa chini ya kichwa, palipokuwa na kovu la kina kama alama ya jino. "Na hili?"

"Hilo si kitu," akasema Kenga, ambaye tayari alikuwa akihesabu viatu.

Lakini kwa Gona, kilichomo kwenye sampuli ni kitu. Akazitengeneza nne, na zote nne akazipiga kovu mahali pamoja.

Ikabaki kutafuta wanunuzi, na hapa ndipo mtu anapojua tofauti ya mwizi na fundi wa maneno. Kenga alimwambia nyapara ana homa, akaacha kwenda kiwanjani, akaanza kunywa kahawa karibu na ghala za Kipevu. Hakumwuzia mtu chochote. Alinong'ona tu. Kwamba baada ya ule mgomo wakubwa wanataka kupatana na watumishi wao. Kwamba itafanywa siku ya makarani na mabwana kucheza gofu pamoja. Kwamba atakayepiga draiva vizuri, bwana akamshika mkono, huyo ndiye atakayepanda cheo. "Lakini mie sikusema kitu," alimalizia kila mara, na kwa hayo watu wakaamini.

Wa kwanza kufika kwa Gona alikuwa Mutua, msimamizi wa wapakiaji, mabega kama mlango. Kenga alimpa ufagio.

"Punga."

Mutua akapunga, vumbi likasimama.

Kenga alifumba macho kama daktari anayesikiliza kifua. "Mkono wako ni wa haraka, ndugu. Mwenye mkono wa haraka akipewa mpini unaopinda, kichwa kitachelewa nyuma, mpira utamwendea kulia hadi Likoni. Wewe ni wa mpini mgumu. Na kwa urefu wako, usikubali fimbo fupi hata ukiongezewa juu."

Na hapa tumpe haki yake mbele ya Mungu na watu: yote aliyoyasema Kenga yalikuwa kweli. Miaka kumi na miwili ya kusikiliza Wazungu wakibishana juu ya draiva haikuwa bure. Alijua anayefaa mpini mgumu na anayefaa laini, anayefaa kichwa kizito na chepesi, na jinsi ya kumzuia mtu wa mfuko mdogo asinunue fimbo ya kumshinda. Elimu ilikuwa halali kabisa. Fimbo tu ndiyo iliyokuwa ya uongo.

Utaratibu wake ulikuwa hivi. Mnunuzi alishikishwa draiva ya kweli, ya Bwana Mapovu. Akaisikia ilivyotulia mkononi. Kenga akaifunga kwenye gunia mbele ya macho yake, akaipitisha dirishani kwa Gona "ipigwe lakiri". Gona akatoa nyuma gunia jingine, lenye mhuhu ndani. "Usifungue siku saba," Kenga aliagiza, "mafuta yakauke." Siku saba zilikuwa nyingi, alipanga kufikia hapo awe ndani ya koti la shaba, na nani atamgusa nyapara?

Wa pili alikuwa karani Absalom, mtu wa bara, mwembamba, mwenye kalamu mbili mfukoni, moja ya kuandikia na moja ya kuheshimiwa. Alitaka ukarani mkuu kwa moyo wake wote. Alipunga ufagio mara moja, akaomba radhi kwa ufagio. Kenga akamtoza shilingi arobaini, na Absalom akazilipa akiwa anatoka jasho. Zilikuwa pesa za cherehani ya mkewe, lakini hilo hakulisema, wala Kenga hakuuliza.

Siku ya tatu mke akaja. Margret alikuwa mwanamke wa maneno machache na mkono mzito, yaya katika nyumba moja ya Wazungu mlimani. Chini ya kwapa alikuwa na draiva, bila gunia.

"Hodi hapa."

"Karibu, shemeji! Mwaonaje hali?"

"Hali si mbaya. Fimbo ndiyo mbaya. Mume wangu amepiga fuu la nazi uani. Fuu limebaki, kichwa cha fimbo kimelegea."

"Ameifungua kabla ya siku saba!" Kenga akashika kichwa kama aliyefiwa. "Shemeji, hilo si kosa la fimbo. Halafu siku aliyokuja kupimwa alikuwa na haya. Mtu mwenye haya hapungi kwa ukweli wake. Mwambie arudi nimpime upya."

"Hana nafasi, yuko kazini. Nipime mimi."

"Wewe?"

"Nimelala naye miaka tisa, nitashindwa kupunga kama yeye? Lete ufagio."

Kenga akampa. Margret akajifunga kanga, akasimama kwa miguu iliyokaribiana kama Absalom, akauinua ufagio.

"Huanza hivi," akasema, "kwa kishindo, hata unafikiri leo ndiyo leo." Akapunga nusu, akasimama. "Akifika hapa kati anatazama huku na huku kama aliyesahau alichofuata." Akamalizia taratibu, ufagio ukashuka wenyewe. "Halafu anaomba maji."

Upande wa pili wa dirisha Gona alikohoa kikohozi kirefu sana. Kenga aliuma mdomo wa chini hadi akaona amekuwa mtu mzima tena.

"Huyo," akasema, "ni wa mpini laini, shemeji. Nguvu zake ziko mwanzoni, kwa hiyo fimbo imsaidie mwishoni. Shika hii." Akamtolea ile ya kweli.

Margret akaipokea. Akaigeuza. Akapitisha kidole gumba chini ya kichwa, juu ya kovu, kisha akatazama ile ya mumewe, juu ya kovu lilelile. Akalipapasa tena, na Kenga akadhania kuwa ni mapenzi.

"Hii ndiyo," akasema.

"Hiyo ina nyongeza ya shilingi kumi. Na ile nyingine niachie, nitaitupa mwenyewe."

Hakubishana hata senti. Alifungua pindo la kanga, akatoa kumi. Kama Kenga angekuwa na akili zake zote, hapo angeshtuka, maana hajazaliwa mwanamke wa Changamwe anayenunua bila kubishana. Lakini alikuwa akiona vifungo vya shaba. Akaifunga draiva guniani, akaipitisha dirishani.

"Zunguka nyuma, shemeji, fundi atakupa ikiwa tayari."

Kenga hakuzunguka naye. Sisi tutazunguka.

"Fundi Gona," akasema Margret kwa sauti ya chini, "kovu hili mimi nililiona likiingia. Mzungu ninayemfanyia kazi alipiga nayo ngazi ya baraza kwa hasira, mwaka juzi. Fimbo hii nimeifuta vumbi miaka mitatu. Juzi bwana ameniita jikoni, ananong'ona: memsab asijue, lakini anayejua fimbo iliko atapata shilingi mia."

Gona akaacha randa.

"Memsab asijue nini?"

"Kwamba aliitupa. Ni zawadi ya arusi, ya baba yake memsab. Amemwambia iko Nairobi inatiwa ngozi mpya. Sasa fikiri: wakija kuitafuta na polisi, nani atakayekutwa na fimbo mpya na rangi mkononi? Mwenye maneno au mwenye randa?"

Gona akatazama mikono yake, myeusi hadi viwikoni. Akakumbuka vilevile kwamba kwa kila fimbo Kenga alimpa shilingi mbili na ahadi.

"Na mimi?" akauliza.

"Kumi zitakuwa zako."

Basi Gona akampa ile ya kweli. Kwenye gunia la maonyesho, la kuwashikisha wanunuzi, akatia moja ya mhuhu, kisha, kwa kuwa alikuwa fundi mwenye adabu, akaipaka rangi mara ya pili. Kenga hakuiona tofauti. Mkono wake ulijua kubeba, haukujua kupiga. Na pua? Kiwanda kizima kilinukia mhuhu. Aliyekaa humo saa moja hanusi tena.

Jumamosi Kenga alirudi kiwanjani kuona kama koti bado liko kwa Mzee Katana. Lilikuwepo, limetundikwa kwenye kiti.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Homa imekwisha? Ilikuwa homa ya kahawa, nasikia." Mzee Katana alikuwa na masikio. "Bwana Mapovu aitafuta draiva yake tangu wiki jana. Asema kedi atakayemletea, huyo ndiye nyapara, lakini aende kwa mlango wa—"

Kenga hakungoja "lakini". Alikwisha geuka. Miguu ilimpeleka hadi kwa Gona, akalitwaa gunia la maonyesho, akalikumbatia. Gona akamtazama anavyoondoka, akaendelea kupiga randa.

Jumapili asubuhi Kenga alipanda mlimani, amevaa kanzu iliyofuliwa na viatu vipya. Bwana Mapovu alikuwa barazani na memsab wakinywa chai. Memsab alikuwa mwembamba, mwenye glavu nyeupe za kanisani, na Kiswahili kizuri kuliko cha mumewe. Nyuma ya mlango kulikuwa na yaya, lakini Kenga hakumtazama. Alikuwa na hotuba.

"Bwana! Shangilia, bwana! Draiva yako imepatikana!"

Bwana Mapovu akapaliwa na chai.

"Leo alfajiri, bwana, nimezama kwenye mikoko, tope hadi hapa, mamba wakinitazama—"

"Hapana mamba Kipevu," akasema memsab.

"Mmoja tu, memsab, mdogo. Nikasema nife, lakini fimbo ya bwana irudi!" Akalivua gunia kwa madaha, akaiweka draiva juu ya meza, katikati ya vikombe. Bwana Mapovu alikuwa akimpungia mkono chini ya meza kama anayefukuza kuku. Kenga aliona ni shukrani.

"Sielewi," akasema memsab. "Draiva ya bwana ilikwenda Nairobi kutengenezwa. Imerudi juzi. Margret!"

"Abee, memsab."

"Lete draiva ya bwana."

Kusikia jina lile, Kenga alihisi ubaridi kwenye nyayo, ndani ya viatu vipya. Margret akatoka na fimbo, ameishika kwa heshima, akailaza kando ya ile nyingine. Kovu na kovu. Kisha akasimama, uso mtupu kama sahani iliyooshwa.

Memsab akainua ile ya Kenga. Akainusa. Akainusa tena.

"Hii yanukia kama kabati langu la nguo." Akaiweka chini, akatazama glavu yake. Vidole vyote vitano vilikuwa vyeusi. "Imekaa katika tope siku ngapi, Kenga?"

"Nyingi, memsab. Kama ishirini."

"Na rangi bado mbichi?"

Kenga akamtazama Margret. Margret akaanza kukusanya vikombe, kimoja kimoja, bila kelele, na hapo ndipo Kenga alipoona yote kwa mpigo: ufagio, shilingi kumi zisizobishaniwa, kikohozi cha Gona. Alikuwa ameuza kitu cha kweli kwa bei ya uongo, yeye! Lakini huzuni hiyo aliiweka akiba. Kwenye macho yake koti la shaba lilikuwa limesimama mlangoni, linavaa kofia, linataka kuondoka.

"Jambo moja nataka kujua," memsab akasema, na sauti yake ilikuwa tulivu kiasi cha kutisha. "Wewe wasema mikoko. Bwana asema Nairobi. Fimbo ya baba yangu ilikuwa wapi?"

Bwana Mapovu aliinuka polepole, akasimama nyuma ya kiti cha memsab. Akamkazia Kenga macho. Kisha, mmoja baada ya mwingine, akafunga kifuani mwake vifungo ambavyo havikuwepo, toka tumboni hadi shingoni, akanyoosha kola ya koti ambalo halikuwepo, akaashiria kwa kidevu: lako.

Kenga akaelewa. Akajinyoosha. Ulimi wa miaka kumi na miwili ukarudi mahali pake, laini kama samli.

"Nairobi, memsab," akasema. "Mungu anisamehe, hii ya pili niliitengenezesha kwa mapenzi tu, kumfurahisha bwana. Ile ya kweli ilikwenda Nairobi. Mimi mwenyewe niliibeba hadi steshini, nikaitia kwenye garimoshi kwa mikono yangu hii miwili. Bwana alikuwepo, amesimama kando yangu. Mwulize."

"Kweli," akasema Bwana Mapovu haraka. "Yeye beba. Mimi simama."

"Vizuri sana," akasema memsab. Akavua ile glavu nyeusi, akaikunja, akaiweka juu ya meza. "Siku gani?"

"Jumatatu," akasema Kenga.

"Ijumaa," akasema Bwana Mapovu, kwa sauti moja naye.